Buti la Mbele Linapofunguka Lenyewe: Tafuta Chanzo Kabla ya Kulipia Kipuri

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji anatarajiwa kuweza:

(a) kueleza kwa nini kifuniko cha buti la mbele kinachofunguka chenyewe ni kasoro ya usalama;
(b) kutofautisha makundi matatu ya vyanzo vya kasoro hiyo;
(c) kufanya majaribio mepesi nyumbani, kwa usalama, kabla ya kwenda gereji;
(d) kuzungumza na fundi na muuzaji akiwa na ushahidi mkononi.

Utangulizi

Katika magari mengi tuliyoyazoea, injini hukaa mbele na mizigo hukaa nyuma. Baadhi ya magari ya michezo yamepangwa kinyume. Katika Porsche 911 injini ipo nyuma. Katika Porsche Boxster, na katika Chevrolet Corvette ya kuanzia mwaka 2020, injini ipo katikati, nyuma ya viti. Nafasi ya mbele iliyobaki hufanywa buti. Magari mengi yanayotumia umeme nayo yana buti la mbele, kwa sababu hayana injini ya kuwekwa hapo.

Magari ya michezo si mengi nchini mwetu, na wengi wanaoyamiliki wameyanunua yakiwa yametumika nje ya nchi. Mmiliki wa gari la namna hiyo huwa mbali na mtengenezaji, hana kitabu cha gari, na mara nyingi fundi wake hukutana na loki ya aina hiyo kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo hasara huanza: loki hununuliwa, kisha rimoti, kisha kompyuta ndogo ya gari, na baada ya wiki mbili kifuniko kinafunguka tena. Somo hili linalenga kuvunja mzunguko huo. Msomaji mwenye gari la kawaida asiliache, maana sehemu kubwa ya yaliyomo inahusu pia boneti ya gari lolote.

1. Kwa nini jambo hili si dogo

Kifuniko cha buti la mbele kwa kawaida kina bawaba upande wa kioo, na mdomo wake umeelekea kule upepo unakotoka. Gari likiwa limeegeshwa, kifuniko kilichoachia huinuka kidogo tu. Hasara yake ni mvua kuingia, betri kuisha kwa sababu taa ya buti imewaka usiku kucha, au mwizi kujichukulia mizigo. Gari likiwa barabarani, upepo huingia chini ya kifuniko na kukisukuma juu. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Kwa hiyo kifuniko kilichotulia mtaani kwa kilomita 40 kwa saa kinaweza kuinuka ghafla kwenye barabara kuu kwa kilomita 80 kwa saa, kikagonga kioo na kumziba dereva macho.

Kwa sababu hiyo, kanuni za usalama wa magari za Marekani zimedai kwa zaidi ya miaka 50 kwamba kifuniko cha mbele kinachoweza kumziba dereva kiwe na mshiko wa pili. Mshiko huo ni ile ndoano ya usalama ambayo hukizuia kifuniko kisiinuke kabisa loki kuu inapoachia. Mlaji aikumbuke ndoano hiyo. Kifuniko kilichofunguka na kubaki kimeshikwa na ndoano ni onyo. Kifuniko kilichofunguka na kuipita ndoano maana yake vitu viwili vimeshindwa kwa pamoja, na gari hilo halipaswi kuendeshwa hadi litengenezwe.

2. Amri, mshiko na taarifa

Kila kifuniko cha buti la mbele hutegemea mambo matatu.

Amri ni kile kinachoiambia loki ifunguke: kitufe cha rimoti ya funguo, swichi iliyo ndani ya gari, au mkono wa kuvuta uliounganishwa na kebo.

Mshiko ni kile kinachokizuia kifuniko kisiinuke: loki kuu, pini inayoingia ndani ya loki, na ndoano ya usalama.

Taarifa ni kile kinachomjulisha dereva hali ya kifuniko: swichi ndogo iliyo ndani ya loki, pamoja na taa au ujumbe kwenye dashibodi.

Kifuniko kikifunguka chenyewe, walau kimojawapo kati ya hivi kimeharibika. Historia ya karibuni inatupatia mfano halisi wa kila kimoja.

Mfano wa amri. Corvette ya mwaka 2020 ilipofika kwa wanunuzi, baadhi yao walieleza kwamba kifuniko cha mbele kiliinuka wakiwa barabarani. Ilikuwa rahisi mtu kubonyeza kitufe cha rimoti bila kukusudia, kisha akaondoka na kifuniko kisichofungwa licha ya maonyo ya dashibodi. General Motors ilibadili programu ya gari: kitufe kikahitaji kubonyezwa kwa muda mrefu zaidi, na gari likibaini kuwa kifuniko kiko wazi, mwendo wake huwekewa kikomo cha maili 26 kwa saa, yaani takriban kilomita 42. Tuzingatie kwamba dawa ilikuwa programu. Mmiliki ambaye angekimbilia kununua loki mpya angekuwa amelipia kisichoharibika.

Mfano wa mshiko. Desemba 2021, Tesla iliita magari 119,009 ya Model S kwa sababu loki ya buti la mbele ingeweza kuwa imefungwa nje ya mstari wake, na kuifanya ndoano ya pili isishike. Hapa programu isingesaidia. Ilibidi loki ikaguliwe na kurekebishwa.

Mfano wa taarifa. Julai 2024, kampuni hiyohiyo iliita takriban magari milioni 1.85, kwa kuwa kifaa cha kutambua kifuniko kingeweza kushindwa kubaini kuwa hakijafungwa. Dereva angeondoka akiamini kila kitu ni salama. Marekebisho yalitumwa kwa njia ya programu.

Dalili inayoonekana katika mifano yote mitatu ni moja, yaani kifuniko cha mbele kilicho wazi gari likitembea. Dawa ni tofauti. Ndiyo sababu tunasisitiza kwamba mlaji asilipie kipuri kabla hajajua ni kipi kati ya amri, mshiko na taarifa kilichoharibika.

3. Usalama kwanza

Kifuniko kikiinuka ukiwa unaendesha: usikanyage breki kwa ghafla na usikate usukani. Shika usukani moja kwa moja, ondoa mguu kwenye mafuta, washa taa za tahadhari. Chungulia kupitia uwazi mdogo ulio chini ya kifuniko, au dirisha la upande wako, ukifuata mstari wa barabara. Punguza mwendo taratibu, toka upande wa kushoto, simama mahali palipo wazi, kisha weka pembetatu za tahadhari.

Baada ya kusimama: usikibamize kifuniko bila kuitazama loki. Ikiwa loki yenyewe imejifunga huku kifuniko kikiwa juu, ukikibamiza utapinda pini na kuharibu kitu kilichokuwa kizima.

Jambo jingine linalosahaulika ni betri. Katika magari kadhaa ya aina hii, zikiwemo Porsche 911 na Boxster za miaka mingi, betri iko ndani ya buti hilohilo la mbele. Loki ikiwa ya umeme na betri ikaisha kifuniko kikiwa kimefungwa, kitufe hakifanyi kazi na betri haifikiki. Kabla ya jaribio lolote, hakikisha unaijua njia ya dharura ya kufungua buti la gari lako: kwa baadhi ya magari ni kebo iliyofichwa, kwa mengine ni sehemu ya kupeleka umeme kutoka betri ya nje kupitia kwenye kisanduku cha fyuzi. Usiyejua njia hiyo, usifunge kifuniko.

4. Majaribio ya nyumbani, hatua kwa hatua

Majaribio haya hayahitaji zaidi ya bisibisi yenye mpini mzuri, tochi, daftari na subira.

Hatua ya kwanza: andika. Kwa kila tukio andika tarehe na saa. Gari lilikuwa limeegeshwa au linatembea. Kulikuwa na mvua au gari lilikuwa limetoka kuoshwa. Funguo zote mbili zilikuwa wapi. Dashibodi ilionyesha nini. Na kifuniko kilishikwa na ndoano au la. Matukio matatu yaliyoandikwa vizuri humsaidia fundi kuliko maneno "linafunguka tu".

Hatua ya pili: ziondoe funguo kwenye orodha. Rimoti huminywa mfukoni, kwenye mkoba, chini ya mto wa kochi, au na mtoto anayechezea funguo. Ufunguo wa akiba ndio unaosahaulika zaidi. Toa betri ndogo ya ufunguo wa akiba, na ule mwingine uweke mahali pasipoweza kubonyezwa, mbali na gari. Kama tatizo lilikuwa likijitokeza mara moja kwa wiki, jaribio hili lidumu zaidi ya wiki moja; usiku mmoja wa utulivu si uthibitisho. Kifuniko kikifunguka tena funguo zikiwa mbali, rimoti haina hatia, na hakuna sababu ya kununua nyingine.

Hatua ya tatu: tenganisha amri na mshiko. Hili ndilo jaribio muhimu kuliko yote, na linahusu loki za umeme. Liingize gari mahali penye kufuli na pasiponyeshewa. Fungua kifuniko na ukiache juu. Kwa kutumia bisibisi, sukuma ulimi wa loki kana kwamba pini imeingia, hadi usikie imejifunga kabisa. Hakikisha taa ya buti imezimika. Acha hivyo usiku kucha.

Asubuhi itazame loki. Ikiwa imefunguka yenyewe, hakuna upepo, mtikisiko wala uzito uliohusika: umeme umetoa amri. Ikiwa imebaki imefungwa kwa usiku kadhaa, ilhali kifuniko kikiteremshwa huachia, shaka ihamie kwenye mshiko. Ukimaliza, ifungue loki kwa kitufe na uthibitishe kwa macho kuwa imefunguka, ndipo uteremshe kifuniko.

Hatua ya nne: ikiwa ni amri. Kagua swichi iliyo ndani ya gari. Soda au chai iliyomwagika hapo hubaki ikinata na kuibana swichi. Kagua nyaya mahali zinapopinda karibu na bawaba, maana hapo ganda lake huchubuka. Tafuta unyevu chini ya zulia, hasa ikiwa daftari linaonyesha kwamba tukio hufuata mvua. Uliza pia kama gari limewahi kufungwa alamu au kifaa cha kufuatilia gari: vifaa hivyo hufungwa kwa kuunga nyaya za milango na buti, na maungio yaliyofungwa kwa utepe tu hulegea. Kazi ya kupima nyaya hizo ni ya fundi umeme wa magari. Mlaji asikate wala kuunga chochote.

Kama gari lilitengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani kuanzia Septemba 2001, angalia pia ndani ya buti. Kanuni za huko zinataka buti liwe na kishikio au kitufe cha kumwezesha aliyefungiwa humo kujitoa. Sanduku lililojazwa kwa nguvu linaweza kukikandamiza. Kishikio hicho kisiondolewe kwa hali yoyote, kwa kuwa kipo kwa ajili ya uhai wa mtoto. Panga mizigo upya.

Hatua ya tano: ikiwa ni mshiko. Mambo manne yakaguliwe kwa mpangilio, kuanzia lisilo na gharama.

Kwanza, uchafu. Vumbi lililochanganyika na grisi kuukuu huganda na kuzuia ulimi wa loki kurudi mahali pake. Safisha, kausha, kisha paka grisi mpya kidogo. Loki nyingi zinazohukumiwa kuwa mbovu hupona hapa.

Pili, kebo. Katika magari yenye mkono wa kuvuta, kebo iliyokauka au iliyopinda hairudi hadi mwisho. Loki hubaki imevutwa nusu, na tuta la kwanza barabarani humaliza kazi. Vuta mkono kisha uuachie: unapaswa kurudi wenyewe hadi mwisho, bila kusukumwa.

Tatu, mstari wa pini. Paka tone la grisi kwenye ncha ya pini, teremsha kifuniko polepole hadi kiguse, kisha uinue na kutazama alama ilipo. Ikiwa iko pembeni badala ya katikati ya mdomo wa loki, kifuniko hakikai mahali pake. Tazama na mianya iliyo kati ya kifuniko na bodi: upande mmoja ukiwa mpana kuliko mwingine, au boliti za bawaba zikiwa na rangi iliyobanduka, gari huenda limewahi kugongwa mbele na kunyooshwa. Hiyo ni kazi ya fundi bodi, na ni jambo la kumuuliza muuzaji.

Nne, mipira ya kuegemea. Pembeni mwa buti kuna vipande vya mpira vinavyokipokea kifuniko. Vikiwa juu mno, kifuniko hufungwa kwa kulazimishwa na huisukuma loki muda wote. Vikiwa chini mno au vimekatika, kifuniko hutikisika na kuigongagonga loki katika kila shimo. Mipira hiyo, katika magari mengi, hurekebishwa kwa kuizungusha kwa mkono.

Hatua ya sita: ipime taarifa. Kifuniko kikiwa juu, sukuma ulimi wa loki kwa bisibisi hadi mlio wa kwanza tu. Dashibodi inapaswa kuendelea kuonyesha kuwa buti liko wazi. Sukuma hadi mlio wa mwisho. Sasa onyo lizimike. Onyo likizimika kwenye mlio wa kwanza, gari linamdanganya dereva. Na onyo likibaki hata baada ya mlio wa mwisho, usikubali lizimwe kwa kukatwa waya ili "lisisumbue". Atakayelinunua gari hilo baadaye, au mwenzi wako atakayeliendesha kesho, hatajua kwamba taa hiyo haisemi tena. Katika majaribio haya ya bisibisi, ifungue loki kila unapomaliza.

5. Dalili na mahali pa kuanzia

– Hufunguka gari likiwa limeegeshwa, bila mtu karibu: anza na funguo, kisha nyaya na swichi.
– Hufunguka baada ya mvua au kuoshwa: anza na unyevu kwenye swichi na maungio ya nyaya.
– Hufunguka kwenye matuta na mashimo: anza na uchafu wa loki, kebo, na mipira ya kuegemea.
– Hufunguka tangu gari liliponyooshwa au kupakwa rangi: anza na mstari wa pini.
– Hufunguka tangu ilipofungwa alamu mpya: mrudie aliyeifunga.
– Onyo huwaka lakini kifuniko kimefungwa: anza na swichi ndogo iliyo ndani ya loki.

Mazingira yetu huzidisha matatizo haya. Chumvi ya hewa ya pwani hula chuma cha loki. Vumbi la bara huijaza. Na matuta ya barabara kuu zetu huitikisa loki maelfu ya mara kwa mwaka. Loki iliyodumu miaka kumi mahali penye lami nyororo isitarajiwe kudumu vivyo hivyo hapa bila kusafishwa. Tunashauri isafishwe na kupakwa grisi kila gari linapobadilishwa mafuta ya injini.

6. Kabla ya kulipa

Anza na namba ya chasisi. Mtengenezaji akigundua kasoro ya usalama huwaita wamiliki walete magari yarekebishwe. Katika somo hili tunauita utaratibu huo wito wa marekebisho. Magari mengi ya Ulaya na Marekani, hata yaliyopitia Japani kabla ya kufika kwetu, hubeba namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17. Kwa namba hiyo, tovuti ya mtengenezaji inaweza kuonyesha kama gari linasubiri marekebisho. Gari lililotoka Marekani huweza kutafutwa pia katika tovuti ya wakala wa usalama barabarani wa nchi hiyo, NHTSA, ambayo huonyesha marekebisho yasiyofanyika. Gari kuuzwa nje ya nchi hakufuti kasoro. Kuna magari yanayoingia sokoni kwetu kabla ya wito kutolewa, na mengine ambayo mmiliki wa kwanza aliupuuza. Ukikuta wito, chapisha ukurasa huo na umwandikie mtengenezaji au mwakilishi wake. Uliza kwa maandishi kama marekebisho yatafanyika hapa bila malipo, na utunze jibu.

Zungumza na fundi kwa utaratibu. Tunapendekeza maneno ya namna hii: "Fundi, kabla hatujanunua kitu, naomba unioneshe kwa macho ni amri, mshiko au taarifa iliyoharibika. Daftari langu hili hapa." Fundi mzuri hatachukizwa, kwa kuwa umempunguzia kazi. Mkubaliane mapema malipo ya uchunguzi peke yake, yakiwa mbali na malipo ya matengenezo. Omba kipuri cha zamani urudishiwe. Dai risiti ya EFD yenye maelezo ya kazi iliyofanyika. Neno "matengenezo" pekee halitakusaidia kitu tatizo likirudi.

Jihadhari na suluhisho la kukifunga kifuniko kwa waya. Linaweza kumfikisha mtu gereji iliyo karibu, kwa mwendo mdogo, pale bredauni inapokosekana. Likigeuzwa kuwa la kudumu, linazuia kuifikia betri na linaficha ubovu uleule uliolipia kuondolewa.

Jua haki yako kwa muuzaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara anayeuza bidhaa kwa maelezo aiuze ikiwa na ubora unaostahili kuuzwa. Lakini sheria hiyo ina upande wa pili: mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Kwa gari lenye buti la mbele, hilo lina maana ya vitendo. Lifungue na kulifunga mara kumi mbele ya muuzaji. Lifungue kwa kila rimoti na kwa swichi ya ndani. Uliza kama limewahi kugongwa mbele, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Muuzaji aliyeandika "halijawahi kugongwa", ilhali boliti za bawaba zinasema vingine, anapaswa kujibu.

Malalamiko yaanze kwa barua kwa muuzaji au gereji, ikieleza kasoro, tarehe na unachodai, na kutaja siku za kujibu. Asipojibu, leta kwetu nakala ya barua hiyo, risiti, mkataba, kipuri cha zamani na daftari lako. Mlalamikaji aliye na ushahidi wa namna hii huturahisishia kazi ya kumsikiliza na kumwita upande wa pili.

7. Mfano wa kufanyia kazi

Tuchukulie kwamba mlaji mmoja wa Dar es Salaam ana gari la michezo lililotumika, lenye loki ya umeme. Kifuniko kimefunguka mara nne ndani ya mwezi. Gereji ya kwanza imemshauri anunue loki mpya kutoka nje. Kabla ya kuagiza, anasoma daftari lake: mara zote nne gari lilikuwa limeegeshwa nyumbani, na mara tatu kati ya hizo ilikuwa asubuhi baada ya mvua. Anaondoa betri ya ufunguo wa akiba na kuuweka mwingine mbali; wiki ya pili, baada ya mvua, kifuniko kinafunguka. Anafanya jaribio la bisibisi, na usiku wa mvua uliofuata loki inajifungua huku kifuniko kikiwa juu. Sasa anajua ni amri, na kwamba haitoki kwenye funguo. Fundi umeme anafungua zulia la upande wa dereva na kukuta maungio ya alamu ya zamani yakiwa na kutu ya kijani. Maungio yanafanywa upya, mpira wa mlango uliokuwa ukipitisha maji unabadilishwa, na fedha ya loki inabaki mfukoni.

Laiti angeagiza loki, ingefika, ingefungwa, na mvua iliyofuata ingeifungua kama ile ya kwanza.

Muhtasari

Kifuniko cha buti la mbele kinachofunguka chenyewe ni kasoro ya usalama, na kikiipita ndoano ya usalama gari lisiendeshwe. Chanzo chake ni amri, mshiko au taarifa. Daftari, funguo zilizowekwa mbali, na bisibisi iliyowekwa kwenye ulimi wa loki kwa usiku kadhaa hutosha mara nyingi kulijua kundi husika. Namba ya chasisi itafutwe kabla ya mkoba kufunguliwa.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini kifuniko kinachotulia kwa kilomita 40 kwa saa kinaweza kuinuka kwa kilomita 80 kwa saa.
2. Gari lako lina betri ndani ya buti la mbele. Ni jambo gani utalihakikisha kabla ya kufunga kifuniko chenye loki ya umeme, na kwa nini?
3. Loki iliyofungwa kwa bisibisi imebaki imefungwa kwa wiki mbili, lakini kifuniko kikiteremshwa huachia kwenye matuta. Taja mambo manne utakayoyakagua, kwa mpangilio.
4. Fundi anapendekeza kukata waya wa taa ya onyo kwa kuwa "buti limefungwa vizuri". Utamjibu nini?
5. Chukua mkataba wa gari ulilonunua mwisho. Je, kuna sentensi inayoeleza kama gari liliwahi kugongwa? Kama haipo, andika sentensi ambayo ungependa iwemo katika mkataba wako ujao.